Kabla ya masika, izunguke nyumba yako na rula mkononi

Ndugu Mhariri,

Jua la Januari na Februari likishaipasua ardhi ya huku Kibaha, mafundi rangi hupata kazi nyingi. Mwenye nyumba ameona ufa umeanzia kwenye kona ya dirisha ukateremka hadi karibu na sakafu. Anaita fundi, fundi anaukwangua, anaujaza saruji, anapiga skimu na rangi, analipwa, anaondoka. Masika yakija udongo unavimba, ufa unabana, na ile saruji iliyojazwa inabinywa mpaka plasta inabanduka. Kiangazi kikirudi ufa uko palepale, tena umepanuka. Mwisho wake mwenye nyumba anaambiwa kona nzima ibomolewe.

Naomba nafasi nieleze kinachotokea chini ya kona hiyo. Kurasa za ujenzi magazetini hujaa jipsamu, marumaru na mageti. Msingi ukishafukiwa hauzungumzwi tena, kana kwamba kazi yake iliisha siku jamvi, yaani zege la sakafu, lilipomwagwa. Msingi unatakiwa kutunzwa kila mwaka kama bati na rangi, na karibu utunzaji wake wote ni kuyachunga maji: yasikae karibu nao, na yasiulowanishe upande mmoja huku mwingine ukikauka.

Kwanza udongo wenyewe. Mchanga wa ufukweni hauvimbi, ila maji yakipita juu yake huuchukua na kuuacha msingi ukining'inia. Udongo mwekundu wa kichanga una afadhali. Wenye shida ni mfinyanzi na udongo mweusi wa mbuga. Chembe zake ni tabaka nyembamba mno zinazofyonza maji katikati yake, kama kurasa za daftari lililotumbukia kwenye ndoo. Likilowa linanenepa, likikauka linanywea. Nyumba ya chini, ya tofali na bati, ni nyepesi kuliko nguvu ya udongo huo unapovimba, kwa hiyo hunyanyuliwa. Ndiyo maana nyufa za msimu huonekana zaidi kwenye nyumba za chini na kuta za uzio kuliko kwenye maghorofa. Udongo wa aina hiyo uko Kibaha, uko pembezoni mwa Dar es Salaam, uko Dodoma, na ndio uleule mweusi unaowasumbua wenzetu wa Kitengela, Syokimau na Embakasi kule Kenya.

Jamvi la nyumba hufanya kazi ya mfuniko. Udongo ulio katikati, chini ya sebule, hukaa na unyevu wake mwaka mzima kwa sababu jua haliufikii. Ulio pembeni, chini ya kuta za nje, hukauka kiangazi na kuloa masika. Kiangazi, kingo zinanywea, kona zinashuka, katikati inabaki juu, na kuta zinapasuka kwa nyufa zilizo pana juu na nyembamba chini. Masika, kingo zinavimba na katikati inakuwa kama imebonyea, zikitokea nyufa ni zile zilizo pana chini. Ufa wa msingi kwa kawaida hupanda kimshazari, ukifuata viungo vya tofali ngazi kwa ngazi, na hupenda kuanzia kwenye kona za milango na madirisha kwa kuwa hapo ukuta ni dhaifu.

Si kila ufa ni wa msingi. Ufa wa mlalo karibu na paa, juu ya lenta, mara nyingi ni joto: mkanda wa zege na paa hutanuka mchana na kurudi usiku. Ufa wima ulionyooka pale nguzo ya zege inapokutana na tofali ni vitu viwili kunywea kwa viwango tofauti. Vile vinyufa vya plasta vinavyosambaa kama utando wa buibui ni mchanganyiko wenye saruji nyingi mno, au plasta ambayo haikumwagiliwa siku zake za kwanza. Hivyo vitatu zibeni mpendavyo. Sakafu nayo ina habari yake. Kuta zinasimama juu ya msingi, lakini sakafu inasimama juu ya kifusi. Ukiona mwanya chini ya skatingi (ule ukanda wa chini ya ukuta unaokutana na sakafu), marumaru zinalia tupu ukizigonga kwa mpini wa kisu, na kuta hazina ufa, basi kifusi hakikushindiliwa, kimeshuka, na msingi hauna kosa. Dawa ni kuvunja jamvi mahali hapo, kuongeza moramu yenye unyevu kidogo kwa tabaka za sentimita 15, kushindilia kila tabaka kabla ya kuweka nyingine, kisha kumwaga upya.

Anayetaka kujua udongo wake uko kundi gani asitazame ule wa juu. Chimba shimo mita 2 kutoka ukutani, ufike kina cha mita 1, uchukue konzi mbili tatu za udongo wa chini. Uanike mpaka ukauke kabisa, utwange, uchekeche kwa chujio la chai lenye matundu madogo. Tafuta glasi mbili zinazofanana, zenye kuta zilizonyooka toka chini hadi juu. Weka vijiko viwili vya unga huo katika kila glasi, vilivyosawazishwa kwa kisu ili kipimo kiwe kimoja. Glasi ya kwanza ijaze maji, ya pili mafuta ya taa. Koroga taratibu mpaka vipovu viishe, uziache zitulie kwa saa 24. Mafuta ya taa hayauvimbishi udongo, maji huuvimbisha, kwa hiyo jibu ni tofauti ya vimo kati ya glasi mbili. Kama kwenye mafuta udongo umekaa milimita 20 na kwenye maji milimita 22, tofauti ni asilimia 10, wala usihangaike. Ukifika milimita 27 ni asilimia 35, udongo mkorofi. Ukifika milimita 30, yaani asilimia 50, hapo umejenga juu ya udongo mbaya kabisa na kila ushauri ulio hapa chini unakuhusu. Maabara hufanya jambo lilelile kwa gramu 10 za udongo na mitungi ya mililita 100, na vipimo vyao ni vya uhakika zaidi, lakini glasi mbili za jikoni zinatosha kukuamsha.

Ufa wa msingi uliokwisha tokea usizibwe kabla haujapimwa. Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote, na nadhani ndiyo inayotukimbiza kwenye saruji. Chukua kalamu ya risasi, weka alama pale ncha za ufa zilipoishia, uandike tarehe. Piga msumari wa zege kila upande wa ufa, wa tatu uwe pembeni ili mitatu ifanye pembetatu. Pima umbali kati ya misumari kwa rula ya chuma au vernia (kipimo cha mafundi kinachosoma hata sehemu ya milimita), uandike kwenye daftari. Rudia kila mwezi, toka katikati ya kiangazi hadi masika yaishe. Msumari wa tatu una kazi yake: utaonyesha kama ukuta unateleza kwa pembeni pamoja na kufunguka. Kile kipande cha kioo wanachokigandisha baadhi ya mafundi juu ya ufa kitakwambia tu kwamba kuna mwendo, hakikwambii ni kiasi gani wala wa kuelekea wapi.

Upana nao una maana. Ufa chini ya milimita 1 ni wa rangi. Hadi milimita 5 ni wa kuziba, baada ya kuhakikisha umetulia. Kati ya 5 na 15 milango na madirisha huanza kukwama, mvua hupenya, na mabomba ya ukutani yanaweza kuachana. Ukizidi milimita 15, au ukuta umeanza kuinama ukiujaribu kwa timazi, mwite mhandisi na usilaze watoto chumba hicho.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakina gharama: mpira wa maji, ule mwembamba unaoona ndani, wa mita 15 au 20, ambao kila mwashi anao. Mpira huo ukitumika siku ya kuanza kujenga hutumika pia kuikagua nyumba iliyozeeka. Kozi, yaani safu, ya kwanza ya tofali juu ya jamvi ilijengwa ikiwa levo. Banua kipande kidogo cha plasta kwenye kila kona ya nje mpaka uone mstari wa udongo wa saruji juu ya kozi hiyo. Jaza mpira maji, hakikisha hakuna kipovu hata kimoja, maana kipovu kimoja kinaharibu kazi yote. Mtu mmoja ashike ncha ya kwanza kwenye kona mnayoianzia, mwingine aizunguke nyumba na ncha ya pili. Kwenye kila kona pima kwa rula toka usawa wa maji hadi kwenye mstari wa kozi. Tofauti ya milimita 5 hadi 10 inaweza kuwa ya fundi aliyejenga. Rudia mwishoni mwa kiangazi na mwishoni mwa masika, kwenye alama zilezile. Kona inayoshuka na kupanda inachezewa na udongo unaovimba. Kona inayoshuka tu, mwaka hata mwaka, ina jambo jingine: kifusi cha zamani, shimo la taka lililofukiwa, au bomba linalovuja na kuchukua udongo. Matengenezo ya kona hizo mbili hayafanani hata kidogo, na pesa nyingi hupotea kwa kutozitofautisha.

Sasa maji, na tuanzie juu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 10 kwa 12 likinyeshewa milimita 40 usiku mmoja, jambo la kawaida mwezi wa Aprili, linamwaga lita 4,800, sawa na ndoo 240. Kama ni paa la migongo miwili lisilo na gata, kila upande wa mita 12 unapokea lita 2,400, yaani lita 200 kwa kila mita ya ukuta, na zote zinatua hatua moja kutoka kwenye msingi. Ule mfereji unaochimbwa na matone chini ya bati, wenye mchanga uliooshwa ukawa mweupe, unaonyesha udongo unaosafiri kutoka pembeni mwa msingi wako.

Weka gata lenye mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 2, na bomba la kushushia la inchi 3 au 4. Mabomba manne kwa nyumba ya ukubwa huo si mengi. Kosa ninaloliona kila mtaa ni bomba la kushushia linaloishia kwenye kiwiko, sentimita 20 juu ya ardhi, palepale kwenye kona. Hapo umekusanya maji ya paa zima ukayamwaga mahali pamoja, na ingekuwa heri maji yaanguke kwa kutawanyika. Bomba liyafikishe maji mita 3 kutoka ukutani au zaidi, kwenye mtaro, au yaingie tanki. Tanki nalo lina bomba la kufurikia. Angalia linamwagia wapi. Safisha gata mara mbili, kabla ya masika na kabla ya vuli, hasa kama kuna mwarobaini au mwembe juu ya paa.

Nyumba za siku hizi zenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta zinahitaji uangalizi wa ziada. Hazina upenu. Gata lake liko ndani, juu ya ukuta, na likiziba majani machache maji hupanda, huvuka bati, hushuka ndani ya tofali hadi kwenye msingi bila mtu kuyaona. Wazee wetu wa pwani walijenga kwa miti na udongo, nyumba ambayo maji yangeweza kuimaliza kwa masika moja, wakaihifadhi kwa upenu mpana na baraza mbele. Pamoja na kuwa mahali pa kukaa na wageni, baraza liliuweka mnyunyizo wa mvua mbali na kiguu cha ukuta. Anayechagua paa lililofichwa ajue ameacha kinga hiyo, na alipie kinga nyingine.

Chini, ardhi iteremke kwenda mbali na nyumba kwa sentimita 15 ndani ya mita 3 za mwanzo. Kuipima ni rahisi: chukua ubao ulionyooka wa mita 3, ncha moja iguse ukuta chini, weka pima maji juu ya ubao, nyanyua ncha ya nje mpaka kipovu kikae katikati, kisha pima pengo kati ya ncha hiyo na ardhi. Likipungua sentimita 15, ongeza udongo ukutani. Usitumie mchanga, kwa sababu mchanga unapitisha maji moja kwa moja. Tumia udongo wenye mfinyanzi kiasi au moramu, ushindiliwe.

Lakini usipandishe udongo mpaka ukafunika DPC, ule utando unaolazwa chini ya ukuta kuzuia unyevu usipande. Uwanda wa nje uwe chini ya DPC kwa sentimita 15 walau. Hapa ndipo vitofali vya pevingi vilipoleta maradhi mapya. Moramu sentimita 10, mchanga 2, kitofali 6: uwanja umepanda sentimita 18, DPC imezikwa, na unyevu una njia ya kuruka kizuizi na kupanda ukutani. Baada ya muda rangi inatoka mabaka, chumvi nyeupe inatokeza kama unga, plasta inalainika mpaka usawa wa magoti au kiuno. Mwenye nyumba anaambiwa ni fangasi, anauziwa rangi ya kuzuia maji, unyevu unafungiwa ndani na kupanda juu zaidi. Anayeweka pevingi achimbe kwanza ateremshe uwanja, au aache mtaro mdogo wa sentimita 30 kati ya pevingi na ukuta, wenye sakafu ya zege na mahali pa kutokea maji. Kwa nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe na Lamu, plasta ya saruji haifai kabisa. Ukuta wa chokaa hupumua, na saruji huunyima pumzi. Zirudishiwe chokaa.

Njia bora ya kuulinda msingi kwenye udongo unaovimba ni kuuzungushia sakafu ya zege, pana mita 1, na kwenye mbuga mita 1.5. Ondoa udongo wa juu wenye majani, shindilia moramu sentimita 15, mwaga zege la unene wa sentimita 10 lenye mteremko wa sentimita 3 hadi 5 kwa mita. Mchanganyiko 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo kwa kila mfuko weka mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo saba, na maji yasizidi lita 27. Fundi akisema zege halilainiki aongeze maji, mkatalie. Azidishe kulipiga na kulisawazisha. Nyumba yenye kuta za mita 9 kwa 11 ikizungushiwa sakafu ya mita 1 inapata mita 44 za mraba, sawa na zege mita 4.4 za ujazo, mifuko kama 28. Wasioweza yote kwa mara moja waanze na upande wa jua la alasiri na ule unaopokea maji ya paa, ila wasikae miaka mingi na nusu, kwa maana upande uliofunikwa na usiofunikwa vitaachana kwa unyevu. Zege limwagiliwe siku 7.

Jambo moja kwenye sakafu hiyo halina mjadala. Isishikane na ukuta. Acha mwanya wa milimita 12 kati ya zege na ukuta, na ukate viungo kila mita 2. Mianya yote ijazwe lami iliyochanganywa na mchanga. Sakafu iliyoshikanishwa na ukuta, udongo ukiinyanyua, hupasuka ovyo, na mpasuko wake hukaa palepale penye kiguu cha ukuta: umejenga mfereji wa kuingiza maji kwenye msingi. Lami hukakamaa kwa jua. Ikaguliwe kila mwaka, iliyobanduka itolewe, iwekwe nyingine.

Maji mengine hayatoki mbinguni. Funga koki zote jioni, soma dira ya maji, rudi baada ya saa mbili. Namba ikisogea kuna bomba linavuja, na kama linapita chini ya sakafu, limekuwa likilowanisha kona moja usiku na mchana. Chemba za maji taka zilizopasuka hufanya vilevile. Mwaga ndoo mbili za maji, tazama kama zinafika chemba ya pili zote. Shimo la kunyonya maji liwe mita 5 au zaidi kutoka kwenye nyumba, upande wa mteremko. Kwenye mbuga shimo hilo halinyonyi masika, linajaa na kurudisha maji pembeni mwa msingi, kwa hiyo umbali uongezwe. Shimo lolote jipya, lako au la jirani, lisichimbwe chini ya mstari unaoshuka kwa nyuzi 45 kutoka ukingo wa chini wa msingi: kama kitako cha msingi kiko mita 1 chini na shimo litakwenda mita 4, basi likae mita 3 mbali, na afadhali zaidi ya hapo.

Bustani iliyobanana na ukuta, inayomwagiliwa kila jioni upande wa barazani tu, ndiyo ule unyevu wa upande mmoja nilioutaja mwanzo. Isogezwe mita 1.5. Miti kwenye mfinyanzi ipandwe mbali na nyumba kwa umbali usiopungua kimo itakachofikia ikikomaa. Mkaratusi uongezewe nusu ya kimo hicho, kwa sababu unywaji wake wa maji ni mkubwa. Na kama mti mkubwa uko karibu na umekuwepo kabla ya nyumba, usikimbilie shoka. Ukikatwa, udongo uliokuwa umekaushwa na mizizi hurudisha maji yake na kuvimba kwa miaka kadhaa, na nyumba iliyokuwa imetulia huanza kunyanyuka. Punguza matawi kila mwaka, mti unywe kidogo. Kwa mchwa sina mengi: vichuguu vya udongo vinavyopanda kwenye uso wa msingi vikwanguliwe vionekane vinakotoka, na ndiyo faida nyingine ya kuacha zile sentimita 15 wazi.

Ukishayarekebisha maji, subiri masika moja na kiangazi kimoja ukiendelea kupima. Nyumba nyingi hutulia hapo. Ufa ulioacha kusogea, wa hadi milimita 5, uchimbwe kina cha sentimita 2, usafishwe, uloweshwe, ujazwe kwa mchanganyiko dhaifu wa saruji na mchanga wa 1:6, juu yake wavu na plasta. Mchanganyiko mkali wa 1:2 wanaoupenda baadhi ya mafundi huwa mgumu kuliko tofali, na ufa hufunguka upya pembeni yake. Mpana zaidi ya hapo ushonwe: toa udongo wa viungo vya mlalo kila baada ya kozi mbili, laza nondo ya milimita 6 inayopita sentimita 50 kila upande wa ufa, ufukie kwa saruji 1:3.

Kona inayoendelea kushuka baada ya yote hayo ndiyo inayostahili kuchimbwa na kumwagiwa zege jipya chini ya msingi, na kazi hiyo isifanywe bila mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kina ataamua yeye, maana zege lazima lifike kwenye udongo usiobadilika kwa msimu, na kwenye mbuga kina hicho mara nyingi hupita mita 1.5. Atazame pia kama kona moja ikiimarishwa peke yake haitaachana na nyumba iliyobaki. Lakini mwenye nyumba ajue utaratibu ili asidanganywe. Ukuta hugawanywa vipande vya mita 1 hadi 1.2, vinapewa namba moja hadi tano, na huchimbwa kwa mpangilio wa 1, 4, 2, 5, 3, ili kamwe vipande viwili vinavyopakana visiwe wazi pamoja. Kuta za mashimo zikingwe kwa mbao. Zege hujazwa mpaka ibaki nafasi ya sentimita 7.5 chini ya msingi wa zamani. Kesho yake nafasi hiyo hushindiliwa saruji na mchanga wa 1:3 wenye unyevu kidogo tu, wa kiasi kwamba ukiukamata kiganjani unashikana bila kutoa maji, ukipigwa kwa ubao na nyundo mpaka hauingii tena. Zege la kawaida likijazwa hadi juu hunywea linapokauka, likaacha mwanya mwembamba, na kona itashuka kuufuata. Kipande cha pili kisianze kabla cha kwanza hakijashindiliwa, na shimo lolote lisifukiwe kabla mhandisi hajashuka mwenyewe akalitazama.

Fundi sanifu wa ujenzi,
Kibaha, Pwani